Kundi la Kuzika

Siku Kitwana Lugome alipoapishwa kuwa meya wa Lukindo hakuwa na gari. Hakuwa na shahada, wala suti iliyolingana rangi juu na chini. Hakuwa na ukoo mkubwa wa kumpigia kura. Sauti ya jukwaani hakuwa nayo, na meno mawili ya mbele aliyapoteza ujanani alipoanguka kutoka juu ya behewa. Mke hakuwa naye tena, kwa maana Bi Hidaya alikwisha kutangulia mbele ya haki. Hakuwa hata na adui, na hilo liliwatia watu wasiwasi kuliko mengine yote, kwani mtu mzima asiye na adui huenda bado hajafanya jambo.

Mji ndio aliokuwa nao. Lukindo haukuwa mji mkubwa: stesheni moja, soko moja, shamba la vioo vya umeme wa jua pale palipokuwa mkonge zamani, na mitaa miwili iliyotazamana kuvuka njia ya treni, Reli upande huu na Mnadani upande ule. Kitwana alipokuwa akisafiri, watu wakimuuliza anatoka wapi, alilitaja jina la mji wake kwa sauti kubwa hata kama muulizaji alikuwa karibu.

Mwaka wake wa kwanza ulikuwa mwaka wa mapanga. Kundi la Reli liliitwa Treni Usiku, na la Mnadani liliitwa Bucha. Walipita mitaani watu thelathini kwa pamoja, wakakata waliyemkuta, mwenye simu na asiye na simu. Polisi walikuwa wachache. Madiwani walikaa kikao juu ya kikao. Ndipo Kitwana alipoileta punje.

Ni kitu kidogo kama punje ya mtama, na ndiyo maana watu wakakiita hivyo. Huwekwa kwa sindano chini ya ngozi ya kisogo. Haina betri, hula joto la mwili wa mwenye nayo, na kazi yake ni kusikiliza punje nyingine. Ikisikia moja au mbili karibu yake, hukaa kimya. Ikisikia ya tatu, maana yake vijana wamefika wanne mahali pamoja, nazo zote hutuma mtetemo kwenye uti wa mgongo na miguu ya wote wanne inakufa ganzi. Haiumizi. Kijana hukaa chini kama mtu aliyechoka, na wenzake wakijiburuta mbali naye, miguu hurudi. Sheria ya mji ilisema kila mvulana wa Reli na Mnadani, tangu miaka kumi na mitano mpaka ishirini na mitano, atatiwa punje, awe mwema awe mbaya, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Mapanga yakakoma. Maduka yakafunguliwa mpaka baada ya Isha. Wageni wakaja kutoka miji mingine kujifunza, na Baraza la Miji likaanza kuzungumza juu ya kuipeleka punje nchi nzima. Kitwana aliwatembeza wageni mwenyewe, kwa miguu, akiwaonyesha akina mama waliokaa barazani usiku bila hofu.

Vitu vingine pia vilikoma, lakini hivyo wageni hawakuonyeshwa. Mpira ulikoma. Ngoma za harusi zilikoma. Na wafu wa Lukindo walipelekwa makaburini kwa mkokoteni wa umeme wa manispaa, wakazikwa kwenye shimo lililochimbwa na mashine.

*

Mzee Mkwama, dereva wa treni mstaafu wa Reli, aliingia ofisini kwa meya asubuhi moja, miaka kadhaa baada ya punje kuletwa, bila kubisha hodi. Mwanawe Shaweji alikuwa amechomwa kisu jana yake jioni, kwenye kivuko cha njia ya treni, na maiti ilikuwa imelala nyumbani ikisubiri kuoshwa. Pamoja na meya alikuwamo Naibu Meya, Bi Sikudhani Mlanzi, mwanamke mrefu ambaye mtu alimpisha njia kabla hajaombwa.

"Shikamoo mzee," Kitwana alisema, akasimama. "Pole sana. Mkokoteni utakuwa mlangoni kwako adhuhuri. Nimeagiza uoshwe vizuri."

"Marahaba. Sikuja kwa habari ya mkokoteni." Mzee Mkwama hakukaa. "Nataka mwanangu abebwe."

"Tutabeba sisi wazee."

"Ninyi wazee mna migongo? Wewe ukiinama kufunga viatu unaita watu. Nataka abebwe na vijana wenzake, mabegani, wakipokezana kama tulivyobebwa... kama walivyobebwa baba zetu. Na kaburi lichimbwe na Mnadani."

Bi Sikudhani aliweka kikombe chake chini. "Mzee wangu, aliyemuua ni wa Mnadani."

"Namjua. Ni Hamza Kindole. Mji mzima unamjua."

Ndivyo ilivyokuwa. Hamza Kindole alikuwa mtu wa Bucha tangu zamani. Mwaka jana alijikata kisogo kwa wembe, akaitoa punje yake, akaitupa. Tangu hapo hapakuwa na mtambo wa kumsikia, na polisi walikuwa wakimtafuta bila kumpata.

"Basi unataka jamaa zake waje mtaani kwako na majembe na sururu mikononi," Bi Sikudhani alisema, "na vijana wa Reli wawe wamesimama pale, wote miguu yao mizima, na maiti katikati."

"Mnadani ni watani wetu, mama. Baba wa babu yangu alijenga reli hii, na baba wa babu zao walimuuzia nyama mbovu. Ulipokuja mwaka wa ndui wakazikana. Tangu siku hiyo akifa mtu wa Reli, Mnadani wanachimba, wanatutukana, tunacheka, tunazika. Akifa wa kwao tunakwenda sisi. Nimechimba makaburi ya Mnadani mpaka viganja vikawa kama kwato. Nani aliyeiondoa desturi hiyo? Niambieni kikao kilikaa siku gani."

Kikao kama hicho hakikukaa. Punje ilipowekwa, hakuna diwani aliyekumbuka kwamba kaburi halichimbwi na watu watatu.

Mzee Mkwama alipotoka kwenda barazani kungoja jibu, Bi Sikudhani aliufunga mlango.

"Kitwana, mwanangu alibebwa mabegani. Unakumbuka? Walimbeba vizuri kabisa. Wakarudi kutoka makaburini, na kabla hawajafika sokoni walikuwa wameua wengine wawili. Mazishini ndipo mapanga yalipokuwa yanazaliwa upya. Ukifungua punje leo, miguu ikawa huru, unafungua mlango ule ule."

"Najua."

"Na sheria inakuruhusu kufungua peke yako kwa moto na kwa mafuriko tu."

"Najua. Niliiandika mimi."

"Basi iandike upya kwanza, madiwani wapige kura."

"Maiti haisubiri kura, Sikudhani." Kitwana alitazama nje, ambako mzee yule alikuwa amekaa wima kwenye benchi, kofia yake magotini. "Tulisema punje itawazuia watu kuuana. Aliyeua ameing'oa. Waliobaki nayo ni wale waliotii. Sasa mtiifu hawezi hata kumbeba ndugu yake."

"Na akifa mtu leo?"

"Nitakuwa nimemuua mimi. Nitasema hivyo mbele ya hakimu, wala sitataja jina lako."

"Nitakuwa nje ya ukuta wa makaburi," Bi Sikudhani alisema. "Kipokea sauti kitakuwa sikioni mwako. Nikikuambia funga, ufunge."

Kitwana alitoa kidhibiti cha punje, bamba jeusi la ukubwa wa kiganja. Zamani kilisikia amri ya mdomo, lakini tangu mashine zilipojifunza kuiga sauti za watu, kilikubali kiganja tu, chenye damu inayotembea. Akaweka mkono. Taa ndogo ikabadilika rangi. Reli na Mnadani, vijana mia kadhaa wakawa na miguu yao.

*

Wachimbaji wa Mnadani walikuja saa nne asubuhi ilipopita, wakavuka njia ya treni. Mbele yao alitangulia Mzee Mwinyimvua, mchinjaji, mfupi, mnene, kanzu yake ikiburura vumbi. Nyuma yake vijana wa Mnadani kama ishirini, majembe begani. Akina mama wa Reli waliingiza watoto ndani na kufunga milango. Kitwana alikuwa akiwangoja kivukoni, na alipowaona alikishika kidhibiti mfukoni, kwa maana kwa mbali kundi la majembe na kundi la mapanga hufanana.

Walipokaribia aliona jambo lililomchoma. Vijana wale hawakutembea pamoja. Kila mmoja alimwacha mwenzake mbali, kama miche ya mkonge shambani. Walijua kwamba wamefunguliwa, redio ya mji ilikwisha kutangaza. Miguu yao ndiyo ilikuwa haijaamini.

"Meya," Mzee Mwinyimvua alisema, "hao wanao umewafundisha kuogopana kama wachumba. Nyie! Sogeeni! Mnachimba kaburi, hampimi viwanja."

Wakasogea kidogo. Wa nne alipoingia katikati ya watatu alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa bado amesimama, akatazama magoti yake, akamtazama mwenzake, na wote wakacheka kicheko cha aibu. Wakaenda makaburini, wakaanza kuchimba.

Udongo wa Lukindo ni mgumu juu na laini chini. Walipokezana shimoni wawili wawili. Mwanzoni walichimba vibaya, hawakuwa na mwendo mmoja, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kufanya kazi na watu zaidi ya wawili tangu wabalehe. Mzee Mwinyimvua alikaa juu ya kifusi akiwatukana mmoja mmoja mpaka mikono ikaelewana. Kitwana, aliyesimama mbali, aliwaona wakinong'onezana wakati wa kupokezana, nyuso zao zikiwa nzito, lakini hakusikia walichokuwa wakisema.

*

Jeneza lilitoka nyumbani kwa Mzee Mkwama baada ya sala ya Adhuhuri. Aliyetia bega mbele alikuwa Mbaraka, mdogo wake Shaweji, kijana wa miaka ishirini, mwembamba, macho mekundu. Vijana wa Reli walisita vilevile kulisogelea, mmoja, wawili, watatu, halafu pengo. Kisha wa nne akatia bega, na wa tano, na baada ya hapo wakawa wanagombea, kila mmoja akitaka thawabu ya kubeba hata hatua chache. Jeneza lilikwenda mbio juu ya vichwa vya watu. Wazee waliokuwa wameuzoea mkokoteni walishindwa kulifuata, wakabaki nyuma wakitweta na kutabasamu huku wanalia. Kitwana alikuwa mmoja wao, na kwa mara ya kwanza tangu kuapishwa aliona kundi ambalo angependa wageni walione.

Makaburini pande mbili zikakabiliana. Mnadani walisimama upande wa kifusi, majembe chini. Reli walisimama na jeneza. Na ndani ya kaburi, chali, mikono kifuani, alikuwa amelala Mzee Mwinyimvua.

Sheikh aligeuza uso kidogo na kutazama miti, kama masheikh wa Lukindo walivyofanya siku zote utani ulipoanza.

"Mkwama, mtani wangu," sauti ikatoka shimoni. "Kaburi hili vijana wangu wamelitolea jasho. Udongo laini, upepo upo. Kwa nini nimpe mwanao? Alikuwa mtu gani? Kila Jumamosi anakuja mnadani kunusa nyama choma. Hanunui. Ananusa, anarudi kwake kula ugali kwa harufu hiyo. Nyama zangu zimeisha harufu kwa ajili ya mtu mmoja. Sitoki."

Wazee wa Reli walisubiri. Desturi ilitaka ndugu wa marehemu ajibu, tusi kwa tusi, ndipo mtani atoke. Lakini vijana wa Reli hawakucheka. Walitazamana. Walikuwa watoto siku ya mwisho utani ulipofanywa mbele ya kaburi, na walichokisikia sasa ni mtu wa Mnadani, mtaa wa muuaji, akimtukana maiti wao.

Mbaraka alimwachia mwenzake sehemu yake ya jeneza. Alikwenda polepole mpaka kwenye kifusi, akainama, akaokota sururu. Vijana wa Mnadani wakanyanyua majembe. 

"Kitwana," Bi Sikudhani alisema sikioni mwake. "Funga. Funga sasa hivi."

Kidhibiti kilikuwa mkononi. Kuweka kiganja tu, na wote wangekaa chini, sururu ingeanguka, majembe yangeanguka, na hakuna ambaye angekufa leo. Jeneza pia lingeanguka. Aliliona mabegani mwa vijana sita, likiyumba kidogo, shuka ya kijani juu yake. Aliona maiti ya Shaweji ikibingirika katika vumbi mbele ya baba yake, na Reli yote wakiwa chini, hawawezi hata kuiokota. Kuanzia hapo hata mashine elfu zisingeweza kuitenganisha mitaa hii na damu. Na akikosea, damu ilikuwa hapa hapa, hatua chache kutoka miguuni mwake, na ilikuwa yake.

"Kitwana."

Aliuondoa mkono wake kwenye bamba, akaukunja nyuma ya mgongo.

Mbaraka alisimama ukingoni mwa kaburi akamtazama mzee aliyelala chini. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu watege masikio.

"Alikuwa ananusa kwa sababu nyama yenu imeoza," alisema. "Alikuwa anaikagua. Asije mtu akala akafa."

Mzee Mwinyimvua alifumbua jicho moja. "Enhe?"

"Ndiyo. Na hilo kaburi ni refu, limepimwa kwa watu wa Reli. Wewe utapotea humo, babu. Ukifa tutakuzika kwenye kapu la nyanya."

Kijana mmoja wa Mnadani alicheka kabla hajajizuia. Akacheka mwingine wa Reli. Kicheko kikapita juu ya kaburi na kurudi, na katikati yake Mbaraka akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto, huku akiishusha sururu shimoni, mpini mbele. Mzee Mwinyimvua akaushika mpini, na Mbaraka akamvuta juu. Vijana wawili wa Mnadani wakamsaidia kuvuta, kwa sababu mzee alikuwa mzito kweli.

Wakamzika Shaweji. Udongo ulirudishwa na majembe ya mitaa yote miwili.

*

Kitwana alikuwa ameahidi kufunga punje jua likizama. Jua lilikuwa bado juu ya shamba la vioo pale Bi Sikudhani alipokuja ofisini kumkumbusha.

"Nilikuambia funga," alisema.

"Uliniambia."

"Ungeweza kukosea."

"Ningeweza. Kaa, Sikudhani, umesimama tangu adhuhuri."

Hakukaa. Alikuwa amesikia kelele barabarani, akaenda dirishani. "Kundi," alisema. "Kitwana, ni kundi."

Walikuwa vijana wa Mnadani na wachache wa Reli, Mbaraka akiwa kati yao. Katikati walimshika mtu mikono yote miwili, mkubwa, shati limechanika, na kisogoni ana kovu la wembe. Panga lake lilikuwa limebebwa na mwingine, limefungwa katika gunia. Hawakuwa wamempiga. Bi Sikudhani alishuka ngazi haraka kuliko meya, akasimama mbele yao.

"Ni Kindole," kijana mmoja wa Mnadani alisema. "Tunampeleka polisi, mama. Tukaona tupite hapa kwanza, mtuone, msije mkadhani ni jambo lingine."

"Mlikuwa mnajua alipo?"

Kijana akatazama chini. "Tulijua. Tulipokuwa tunachimba, mmoja wetu alisema, humu analala mtu na sisi tunajua aliyemlaza. Ikawa vigumu kuchimba."

"Na kwa nini hamkumleta kabla? Amekuwa akiwatisha mwaka mzima."

"Tungemletaje, mama?" Kijana hakujibu kwa ufidhuli, alikuwa anaeleza tu. "Watatu hawamuwezi yule. Na wa nne akija kusaidia, tunaanguka wote, yeye anabaki amesimama na panga lake."

Bi Sikudhani alirudi nyuma hatua moja. Aliwapisha njia, na hilo watu wa Lukindo hawakuwahi kuliona. Kundi likapita mpaka kituo cha polisi.

Jua lilizama. Kidhibiti kilibaki mezani, na Kitwana hakukigusa.

Asubuhi alichukua karatasi. Mambo makubwa ya miji yalikuwa yamerudi kwenye karatasi na lakiri siku hizo, kwa sababu hati ya mkono na muhuri wa nta vilikuwa vigumu kuiga kuliko sauti. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani na hapendi herufi ipinde. Aliandika hivi:

"Kwa Baraza la Miji. Mlituomba ushauri juu ya punje. Ushauri wa Lukindo ni kwamba msiipeleke popote. Mimi niliileta, na jana niliifungua bila idhini ya madiwani. Juma lijalo nitasimama mbele yao wanihukumu, na wakiniondoa nitakuwa nimestahili. Mapanga yakirudi barabarani, tutamshika mwenye panga, hatutaushika mtaa wake. Doria ya wazee wa mitaa yote miwili imeanza leo. Makaburi yatachimbwa na vijana, Reli kwa Mnadani na Mnadani kwa Reli. Mtasikia ikisemwa kwamba Lukindo ni mji wa makundi. Semeni ni kweli. Jana kundi lilimzika mtu wetu, na kundi lilimkamata aliyemuua."

Bi Sikudhani aliisoma mara mbili. "Bado naogopa," alisema.

"Hata mimi."

Alichukua kalamu akaandika jina lake chini ya jina la meya, kwa herufi kubwa kuliko za meya. Kitwana aliikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akayeyusha lakiri nyekundu juu ya mkunjo, na kabla haijapoa akaikandamiza kwa muhuri wa mji. Kisha akavaa kofia, akaenda stesheni kwa miguu, akaikabidhi barua kwa karani wa posta dirishani, na akasimama pale pale mpaka alipoiona ikitiwa ndani ya mfuko, na mfuko ukifungwa, na mfuko ukipandishwa kwenye behewa.